Kitui na Makueni: Nchi Inayoweka Maji Yake Mchangani

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Mombasa huanza kuingia katika nchi ya Wakamba kabla hajafahamu kwamba ameuacha mji. Viwanda vya Athi River vinapokwisha, mbuga hufunguka pande zote mbili, na upande wa kushoto huonekana vilima vya Mua, vikiwa rangi ya buluu kwa umbali. Malori anayopishana nayo yanakwenda mjini na shehena zao. Mengine yamejaa mchanga wa mito, maji yakidondoka nyuma njia nzima. Mengine, ikiwa safari ni ya Januari, yamejaa maembe. Huo ndio utangulizi wa kweli wa Ukambani, maana kwa zaidi ya miaka mia moja mji mkuu umejengwa, umelishwa na umelindwa kwa vitu na watu waliotoka huko, na mara nyingi mji umepokea bila kuuliza vitu hivyo vimeacha pengo gani nyuma.

Ujirani huo ni wa tangu mwanzo. Kampuni ya Kiingereza iliyoitangulia serikali ilijenga boma lake Machakos mwaka 1889, wakati ambapo mahali penye Nairobi ya leo palikuwa kinamasi ambako Wamasai walinywesha ng'ombe. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 bila kupita Machakos, bwana mkubwa wa jimbo, John Ainsworth, aliifuata na ofisi zake. Hivyo katika miaka ile ya kwanza Nairobi yenyewe ilihesabiwa kuwa ndani ya Jimbo la Ukamba. Mipaka imechorwa upya mara nyingi tangu hapo. Baada ya Uhuru wa 1963 Wakamba walitiwa katika Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa mbali nao, Embu; mwaka 1992 Makueni ilikatwa kutoka Machakos ikawa wilaya; na tangu 2013 Machakos, Makueni na Kitui ni kaunti tatu, kila moja na gavana wake. Habari za Machakos, iliyo karibu na mji, zimeandikwa sana. Hapa zafuata habari za zile mbili zilizo mbali zaidi.

NCHI ILIVYO

Kitui ni nchi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 30,000, yaani yaizidi nchi nzima ya Rwanda. Lakini katika hesabu ya watu ya 2019 walipatikana humo watu 1,136,187 tu, hali Rwanda ina zaidi ya milioni kumi na tatu. Makueni ni ndogo, kama kilomita za mraba 8,000, nayo ilikuwa na watu 987,653. Tofauti hiyo peke yake yatosha kumwonya msomaji kwamba mvua haikugawanywa sawasawa.

Makueni yaanzia juu na kushuka. Kaskazini na magharibi kuna vilima vya Mbooni na Kilungu, nchi ya baridi na ukungu wa asubuhi, yenye kahawa, ndizi na mashamba yaliyochongwa ngazi kwa ngazi hata kileleni. Mtu aliyeletwa Kilungu usiku akaamka asubuhi hatasadiki kuwa yuko katika nchi ile ile isemwayo kila mwaka magazetini kwa njaa. Lakini akiteremka kwa saa mbili tu kuelekea Wote, makao ya kaunti, na kutoka hapo kwenda Makindu na Kibwezi, atauona udongo ukigeuka mwekundu, miti ikifupika na kuota miiba, mpaka afike katika nchi ya mibuyu na mkonge. Kusini mwa hapo ni milima ya Chyulu, iliyotokana na moto wa chini ya ardhi katika nyakati za karibuni kwa hesabu ya miamba. Mvua inyeshayo Chyulu hainyweki huko. Huzama katika mawe yenye vitundu, ikasafiri chini kwa chini, ikatokea chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo, na kutoka huko huchukuliwa kwa bomba mpaka Mombasa. Basi hata watu wa pwani wanakunywa mvua iliyoanguka mpakani mwa Makueni.

Kati ya Makueni na Kitui unapita Mto Athi, na kando yake mgongo wa Yatta, ambao ni ajabu ya dunia ijapokuwa watalii hawauendei. Ni mtiririko mmoja wa mawe ya volkano yaliyoyeyuka, karibu kilomita 300 kwa urefu, uliojaza bonde la kale. Kisha nchi laini ya pande zote mbili ikamomonyoka, na kile kilichokuwa chini kikabaki juu kama ukuta. Wataalamu wauhesabu miongoni mwa mitiririko mirefu kabisa ya namna hiyo ulimwenguni.

Ng'ambo ya Yatta ni Kitui. Mji wake, kama kilomita 180 kutoka Nairobi, umekaa katika nchi ya juu ya kutosha kupata mvua ya wastani. Kaskazini ni Migwani, Mwingi na vilima vya Mumoni. Mashariki ni safu ya Mutitu. Na baada ya Mutitu ardhi hulala tambarare, kavu, mpaka ikutane na Kaunti ya Tana River. Karibu na mji wa Kitui kuna jiwe la Nzambani, refu kama jumba la ghorofa nyingi, ambalo wenyeji husema kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume hugeuka mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Siku hizi limejengewa ngazi ya chuma, na wageni hupanda kutazama nchi. Wazungukao mara saba ni wachache.

Katika nchi hiyo yote mito isiyokauka ni miwili, nayo ipo mipakani: Tana kaskazini na Athi magharibi. Mingine yote, Thua, Tiva, Ikoo, Enziu, Kaiti na mamia isiyo na jina katika ramani, ni mito ya mchanga. Hufurika siku chache au saa chache baada ya mvua, kisha hukauka ikaonekana kama barabara pana nyeupe. Mgeni huvuka kwa miguu mikavu akaidharau. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limechukua wanakwaya waendao arusini lilijaribu kuvuka Enziu karibu na Mwingi wakati mto umejaa. Likapinduliwa, na zaidi ya watu 30 wakafa maji katika nchi ambayo wiki chache kabla ilikuwa ikililia maji.

MAJI YASIYOONEKANA

Hapo ndipo penye siri ya Ukambani, na asiyeielewa hawezi kuelewa ugomvi wa leo. Mto wa mchanga ukikauka juu, chini yake bado una maji. Mchanga mnene huweza kushika maji kiasi cha robo hadi theluthi ya ujazo wake, nayo hukaa humo salama. Jua haliyafikii yakiwa chini ya nusu mita au zaidi, ng'ombe hawayachafui, mbu hawawezi kutaga. Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, wanawake wa Kitui huamka alfajiri, wakafunga mitungi juu ya punda, wakashuka mtoni na kuchimba. Wa kwanza hupata maji haraka. Wa mwisho hungoja kisima kijichuje polepole, akiteka kwa kata, kikombe baada ya kikombe, na foleni hufika jioni. Mchanga huo basi ni ghala. Ni tangi ambalo hakuna aliyelinunua, nalo hujazwa mara mbili kwa mwaka.

Mara mbili, kama mvua ikija. Wakamba wana mvua ya Machi waiitayo uua, na mvua ya Oktoba hadi Desemba waiitayo nthwa. Mahali pengi Kenya mvua ya Machi ndiyo inayoitwa kubwa, na vitabu vya shule husema hivyo. Lakini mkulima wa Kitui hutegemea nthwa, maana uua humdanganya mara nyingi, ikanyesha wiki mbili ikakoma wakati mahindi yako magotini. Zote mbili zikikosa, huja yua, yaani njaa, na Wakamba huipa kila njaa jina kama vile watu wengine wanavyowapa watoto. Ile ya 1898 na 1899, iliyokuja pamoja na ndui, iliitwa Ngomanisye, maana ilienea kila mahali. Ya 1961, ambayo chakula kiliangushwa kwa ndege baada ya ukame kufuatwa na mafuriko, ikaitwa ya Ndeke, yaani ndege. Ya 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete: nafa nikiwa nimeshika. Watu walikuwa na fedha mkononi, lakini madukani hapakuwa na chakula cha kununua. Katika jina hilo moja mna habari nyingi za uchumi, maana lilitolewa na watu ambao kwa wakati ule walikuwa wameshazoea kula mshahara wa mjini.

WATU WA SAFARI

Masimulizi ya Wakamba husema kwamba watu wa kwanza walishushwa na Mulungu juu ya jabali la Nzaui, lililo Makueni, na nyayo zao huonyeshwa mpaka leo. Wanahistoria husema mababu walikuja kutoka pande za Kilimanjaro, wakakaa Nzaui, wakapanda Mbooni katika karne ya 17 au karibu yake, na kutoka huko wengine wakavuka Athi kwenda Kitui. Mbooni palikuwa na maji na udongo mzuri. Kitui palikuwa na nafasi, wanyama, na tembo. Na kwa kuwa mvua ya huko haikuaminika, watu wake walijifunza kuishi kwa biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka Mombasa ikarudi na nguo, shanga na shaba, miaka mingi kabla ya misafara ya pwani kuizoea njia ya bara.

Mkubwa wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi, wa Kitui. Mwaka 1849 alimkaribisha nyumbani kwake mmisionari Johann Ludwig Krapf, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kivoi alimwambia habari za mlima mweupe kaskazini, na tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalipofunguka Krapf akauona kutoka Kitui. Akaandika jina kama alivyolisikia katika vinywa vya Wakamba, na kutokana na jina hilo nchi nzima baadaye iliitwa Kenya. Miaka miwili baadaye Kivoi aliuawa karibu na Mto Tana, msafara wake uliposhambuliwa. Krapf, aliyekuwa pamoja naye, alinusurika kwa kukimbia na kutangatanga nyikani siku nyingi akiwa na kiu, mtu mmoja zaidi aliyefunzwa na Kitui thamani ya maji.

Biashara ya pembe ilipokwisha, safari hazikwisha. Vijana wa Ukambani waliingia jeshi la King's African Rifles na polisi kwa wingi, wakapigana Burma, wakafanya kazi katika reli na nyumba za Nairobi. Waliobaki katika vilima vya Machakos na Makueni walibanwa. Mashamba ya walowezi yalizuia malisho ya upande mmoja, ardhi ya Serikali upande mwingine. Watu na ng'ombe wakaongezeka, na udongo ukachukuliwa na mvua. Mwaka 1937 ofisa wa kilimo Colin Maher aliandika kwamba nchi ilikuwa njiani kuwa jangwa la mawe na mchanga. Dawa iliyochaguliwa na Serikali mwaka 1938 ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Waliokamatwa walipigwa mnada kwa bei ya chini, na kiwanda kipya cha nyama Athi River kilikuwa kinangoja ng'ombe. Ndipo maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walipokwenda Nairobi kumwona Gavana, wakapiga kambi wiki nyingi wasikubali kuondoka. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha mnada wa nguvu uliachwa. Mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake, na wengi wapitao hapo hawajui kwamba alikuja mjini kwa ajili ya ng'ombe.

UDONGO ULIVYOREJEA

Utabiri wa Maher haukutimia, na hii ni habari ambayo yafaa ijulikane zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilianzishwa kazi kubwa ya ardhi. Makueni penyewe palikuwa bado pori la mbung'o na vifaru; kati ya 1944 na 1946 mwindaji wa Serikali J. A. Hunter aliua huko karibu vifaru 1,000 ili nchi ikaliwe, jambo ambalo leo lingemtia mtu gerezani. Watu walipoitwa kuhamia, wengi walisita, wakidhani ni mtego wa kunyang'anywa haki ya ardhi. Na matuta ya kuzuia mmomonyoko, yaliyochimbwa kwa amri, yalichukiwa kama kazi ya kifungo.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, kazi ilipopitishwa katika desturi ya mwethya, ambayo ni kusaidiana kwa zamu katika mashamba, kila kundi likichagua viongozi wake. Wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa Nairobi. Waliacha mtindo wa kutupa udongo chini ya mfereji wakaupenda ule wa kuutupa juu, ambao ni mgumu kwa mgongo lakini baada ya misimu michache shamba hujisawazisha lenyewe likawa ngazi. Mabwana Shamba waliuita kwa Kiswahili fanya juu, na kwa jina hilo hilo unafundishwa leo katika vyuo vya ng'ambo. Baada ya Uhuru, shuruti ilipokwisha, watu waliendelea kuchimba zaidi kuliko walivyochimba kwa amri. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake. Walionyesha kwamba toka miaka ya 1930 hadi 1990 watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Walionyesha pia fedha zilitoka wapi: sehemu kubwa ilikuwa mishahara ya Nairobi na mauzo ya kahawa, matunda na mboga. Wengine wamekisifu kitabu hicho kupita kiasi. Yaliyowezekana Mbooni hayakuwezekana yote Kibwezi, wala katika nchi ya ng'ambo ya Mutitu.

Katika nchi kavu kazi iliyoleta faida kubwa zaidi ni ya mtoni. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto wa mchanga, misingi yake ikifika mwamba. Mafuriko huja na mchanga. Ule mnene huzama nyuma ya ukuta, tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja au michache mto umejaa mpaka ukingo wa ukuta, na nyuma yake limelala ghala la maji la mamia ya mita. Maji hupenya kingoni pia, ndiyo maana karibu na kuta hizo huonekana sukuma wiki, migomba na miche ya maembe mwezi wa Septemba, jani lingine lote likiwa limekauka. Kuta za kwanza zilijengwa wakati wa ukoloni, na baadhi zingali zikifanya kazi. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL la Kitui, likishirikiana na vikundi vya wenyeji waliotoa mawe, mchanga, maji na mikono yao, limejenga mamia ya kuta kama hizo. Wageni kutoka nchi nyingine kavu wamekuja kujifunza.

MCHANGA NA NAIROBI

Sasa msomaji ayaweke pamoja mambo mawili: mchanga ndio ghala la maji, na mchanga ndio unaotakiwa Nairobi. Kila ghorofa inayoinuka mjini, kila daraja na kila ukuta wa ua, una sehemu ya mto wa Ukambani. Mchanga wa mtoni ni safi, una punje kali, hushikana vizuri na saruji kuliko vumbi la mawe. Hivyo malori hushuka kwenye vijito vya Makueni na Kitui, mara nyingi usiku, na vijana wenye sepetu huyapakia kwa haraka.

Haifai kuwadharau vijana hao. Nchi ambayo mvua yake ni bahati nasibu haina kazi nyingi za kumlipa mtu jioni ya siku ile ile, na wengi wao hulipa karo za wadogo zao kwa mchanga. Wao husema kwamba mto huleta mwingine kila mvua, na ni kweli kwamba huleta. Lakini hauleti upesi kama lori linavyochukua. Mto ukikombwa hadi mwamba, mafuriko hupita kama maji katika mfereji wa saruji na kwenda zake baharini, visima vya kingoni hukauka, kingo huanguka na mashamba nayo, na hata nguzo za madaraja hubaki zikining'inia. Aliyepakia lori amelipwa mara moja. Mama yake anatembea kilomita tano zaidi kila siku.

Ugomvi huo umemwaga damu. Katika Makueni watu wamejeruhiwa na wengine wameuawa kwa kuwazuia wachimbaji au kwa kutetea malori. Mwaka 2015 bunge la kaunti lilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikaundwa mamlaka ya kuisimamia. Na mwaka 2018 Gavana wa Kitui wa wakati ule, Charity Ngilu, alipiga marufuku uchukuzi wa mchanga na makaa ya miti kutoka kaunti yake. Makaa ni ndugu ya mchanga katika jambo hili, maana jiko la Nairobi limeikata miti ya Mutomo na Ikutha kama vile nyumba za Nairobi zilivyokomba mito. Sheria zimesaidia mahali palipo na wenyeji wanaolinda mto wao wenyewe. Mahali ambapo mlinzi ni karatasi tu, lori hupita.

MAEMBE, NDENGU NA ASALI

Kuna mapato mengine yasiyoichuna nchi. Makueni sasa ni miongoni mwa sehemu za mbele kabisa Kenya kwa maembe, na machungwa yake yanajulikana katika soko lolote la Nairobi. Shida ni kwamba maembe huiva yote pamoja. Mwezi wa Januari dalali huja na lori na bei yake, na mkulima aliye na miti iliyolemewa hana la kujibu, kwani wiki ijayo matunda yatakuwa chini. Kaunti ilifungua kiwanda cha matunda Kalamba mwaka 2017 ili rojo ya maembe ihifadhiwe na kuuzwa baadaye. Kimesaidia, ingawa hakiwezi kumeza mavuno yote. Adui mwingine ni inzi wa matunda. Kwa sababu yake Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na ilipoanza tena 2021 Makueni ilikuwa katika sehemu zilizotangulia, baada ya wakulima kutundika mitego na kuzika kila embe lililooza.

Kitui ni nchi ya ndengu, kunde, mbaazi, mtama na mawele, mazao yanayoivumilia nthwa fupi. Ndengu hasa zimekuwa fedha, nazo huuzwa mpaka ng'ambo. Mahindi hupandwa hata mahali yasipopaswa, maana Mkamba hapendi kukosa muthokoi mezani. Mahindi mafupi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti karibu na Machakos katika miaka ya 1960, hukomaa kwa miezi mitatu hivi na yameokoa misimu mingi. Mbuzi ni benki ya kila nyumba. Asali ya Kitui ina sifa, na mizinga ya magogo ingali ikining'inia katika mibuyu. Wanawake husuka vyondo vya mkonge wakitembea njiani, wasiitazame mikono yao. Mwaka 2018 kilifunguliwa Kitui kiwanda cha kaunti cha kushona nguo, nacho kilishona barakoa kwa wingi wakati wa maradhi ya 2020. Katika bonde la Mui kumepatikana makaa ya mawe, lakini tangu mkataba ulipotiwa sahihi na kampuni ya Kichina wenyeji wamebaki wakiuliza watahamishwa lini, wapi, na kwa fidia gani. Wengine waliacha hata kupanda miti ya matunda, wasijue nani ataila.

MTO UTOKAO MJINI

Kazi kubwa kuliko zote ni bwawa la Thwake. Ukuta wake, wenye kimo cha kama mita 80, umewekwa chini ya mahali ambapo Mto Thwake huingia katika Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ujenzi ulianza mwaka 2018 kwa fedha za Serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tarehe ya kumalizika imesogezwa zaidi ya mara moja. Limekusudiwa kushika zaidi ya mita za ujazo milioni 600 kwa ajili ya watu na mifugo wa kaunti hizo mbili, kwa mashamba ya kumwagilia, kwa umeme, na kwa mji mpya wa Konza.

Lakini Athi ndio mto unaopokea maji ya Mto Nairobi, Ngong na Mathare, pamoja na yote yanayotupwa humo na viwanda na mabomba ya mji. Watu wanaokaa kandokando yake Makueni na Kitui wamelalamika miaka mingi juu ya maji meusi yenye povu, na ng'ombe wanaoyakataa. Maji yale yakisimama nyuma ya ukuta wa Thwake badala ya kwenda baharini, uchafu utasimama pamoja nayo, na kuyasafisha kutahitaji mitambo na fedha za kila mwaka. Kazi ya kuyasafisha mitaroni mwa Nairobi haiko mikononi mwa Wote wala Kitui.

Huku hayo yakijadiliwa, vikundi vya mwethya vya ng'ambo ya Yatta vina hesabu yao ya zamani. Mawe hukusanywa Agosti. Misingi huchimbwa Septemba, mto ukiwa mkavu kabisa, na saruji hutiwa kabla ya wiki za mwisho za Oktoba, maana ukuta uliokutwa haujakauka na mafuriko ya kwanza ya nthwa huchukuliwa wote, na mawe hutafutwa upya mwaka ujao, chini ya mto.